Eti X-Cape au Seiemmezzo? Kaka, umewahi kupanda Kipatimu na mvua?

Nilikuwa nimejiapiza wiki hii sigusi habari ya mtu maarufu, maana posti ya mwisho ilinigharimu marafiki wawili na shemeji mmoja. Nimeshindwa. Kaeni mkao wa kula.

Kuna staa mmoja, jina kapuni, nyie mnamjua na msinitafutie kesi. Upande wa mama ni mtu wa huku kwetu Kilwa. Kwao anapakumbuka mara mbili tu: Idd ikikaribia na nyimbo mpya zikikaribia. Juzi kaweka picha mbili za pikipiki mbili za Kitaliano, kampuni ileile, Moto Morini. Moja inaitwa X-Cape, imeinuka juu, ina kioo mbele na miguu mirefu kama korongo. Nyingine Seiemmezzo, imekaa chini, taa ya duara, ukiiona unasema hii babu alikuwa nayo enzi za Nyerere. Chini kaandika: "Wanangu, nichukue chuma kipi nije nacho nyumbani Kilwa Idd hii?"

Komenti zikamiminika. Mara chukua ya duara kaka, inaendana na vazi lako. Mara chukua ndefu, ukipiga nayo picha magofuni itatoka vizuri. Dada mmoja kachagua kwa rangi. Mwingine kasema achukue zote mbili kwani shida iko wapi. Nimesoma komenti mpaka kidole kikauma na sikuona hata mtu mmoja aliyeuliza swali moja la maana: hiyo Kilwa unayokuja ina barabara gani?

Sasa ili msije mkaniambia nina wivu, nitamjibu kwanza swali lake kama alivyouliza. Mimi ni mgonjwa wa pikipiki tangu utotoni, hizi mashine nazifuatilia, na sina tatizo na mtu kula jasho lake. Pesa ni yake.

Hizo pikipiki mbili ni ndugu wa tumbo moja. Injini ileile, cc 649, silinda mbili, na kwenye X-Cape inatoa nguvu za farasi 60 hivi. Tofauti ipo kwenye umbo na miguu. X-Cape ni ya mtu wa safari. Tairi la mbele ni inchi 19, tangi linameza lita 18, shokapu za mbele ni nene kama mkono wa mvuta jarife, na unaweza kuichukua yenye rimu za aloi au za spoku. Seiemmezzo, ambayo jina lake kwa Kitaliano ni "sita na nusu" tu, hakuna uchawi wowote hapo, ni ya mjini. Tairi la mbele inchi 18, imekaa chini, raha yake ni lami na kona. Ipo STR ambayo ni ya lami waziwazi, na ipo SCR ambayo wameivalisha nguo za porini, ila kuvaa kombati hakujawahi kumfanya mtu mwanajeshi.

Kwa hiyo jibu ni X-Cape, tena ya spoku. Ukiingia shimo kubwa spoku zinapinda, na fundi wa huku mwenye jicho zuri anaweza kuzinyoosha akiwa amekaa chini ya mwembe. Aloi ikipasuka unaibeba mkononi kama sahani iliyovunjika. Seiemmezzo iache Masaki, itakuwa na maisha mazuri huko, Mungu aibariki.

Nimemaliza kujibu. Sasa tuongee ukweli.

Kutoka Masoko mpaka Nangurukuru ni lami, hata Seiemmezzo itateleza kama dagaa kwenye mafuta. Ukifika Nangurukuru ukakunja kushoto kwenda Lindi, lami. Ukakunja kulia kwenda Somanga, lami. Hapo mwenzetu atapiga picha zake na kurudi zake. Lakini Kilwa haiishii Nangurukuru! Nyooka na ile njia ya Liwale, zaidi ya kilomita 200, uone vumbi linavyoingia mpaka kwenye meno. Au achana na lami pale Njia Nne, panda vilima vya Umatumbi mpaka Kipatimu, kule yanakotoka machungwa mnayokula bila kuuliza yamefikaje. Na Idd siku hizi inaangukia kwenye masika. Udongo wa kule ukilowa, tairi linakuwa kama limepakwa sabuni.

X-Cape ikiwa kavu, hujatia hata tone la petroli, ina kilo 213. Jaza tangi, ongeza kilo kumi na tatu. Jipandishe na wewe mwenyewe na yale mabuti. Boxer ya 150 ni kilo mia na ishirini na kitu, ikianguka kwenye tope dereva anainyanyua peke yake, anatukana kidogo, anaendelea na safari. Yako ikilala pale mlimani nani ataiinua? Nawaambia nani ataiinua. Ni wale madereva wa bodaboda ambao kwenye komenti zako mashabiki wako wanawaita washamba wa mchina.

Na hapo ndipo damu inaponichemka.

Maana nusu ya zile komenti zilikuwa ni kejeli. "Achana na midude ya Kichina kaka, Mtaliano ndiye mwenye pikipiki." "Huku kwetu wanaendesha Mchina halafu wanajiita madereva." Staa akaweka na alama ya kucheka. Akaipenda.

Basi ngoja niwape habari. Moto Morini ilianzishwa Bologna mwaka 1937 na bwana Alfonso Morini. Ilikuwa kampuni ndogo na hodari, wazee wa Ulaya hadi leo wanazisifu pikipiki zake za miaka ya sabini. Kisha ikayumba, ikauzwa, ikafungwa, ikafufuliwa, ikayumba tena. Mwaka 2018 ikanunuliwa na kampuni ya Zhongneng. Zhongneng ni ya wapi? China! Na hiyo injini ya cc 649 mnayoipigia makofi imetokana na injini ya CFMoto. CFMoto ni ya wapi? China pia. Benelli nayo, Mtaliano wa mwaka 1911, iko mikononi mwa Wachina wa Qianjiang tangu 2005. Mimi sisemi ni pikipiki mbaya. Wachoraji wake wako Italia, breki zake ni Brembo, ni mashine nzuri ya kutamanisha. Ninachosema ni kwamba unamcheka kijana wa Nangurukuru kwa kuendesha Mchina huku na wewe umembeba Mchina kifuani, ila wako kavaa suti.

Tena kama ni Utaliano, sisi watu wa pwani tulishakutana nao zamani. Waulizeni Wazanzibari na vespa zao. Na ile bajaji inayokupeleka sokoni Lindi mjini, unajua ukoo wake? Vespa ilitoka kwa Piaggio mwaka 1946. Miaka miwili baadaye Piaggio hao hao wakatoa kijipikipiki cha mizigo cha magurudumu matatu, wakakiita Ape. Huko India kampuni ya Bajaj ikawa inatengeneza Vespa kwa leseni ya Wataliano hao mpaka mwaka 1971, na bajaji ya abiria ikazaliwa kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo bi mkubwa wangu, anayepanda bajaji na kapu lake la ndizi na kuku mmoja kafungwa miguu, kaanza Utaliano kabla yako kaka. Na hajaweka posti.

Haya, mtaniambia: wewe blogu, kinakuuma nini? Mtu kauliza tu pikipiki ipi.

Kinachoniuma ni hiki.

Mtoto wa mjomba wangu alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani, akavua kidogo, akabeba mizigo kidogo, mwisho akasema anaingia kwenye bodaboda. Pesa ya kununua hana, kwa hiyo mkataba. Kwa wasiojua mkataba: bosi ananunua pikipiki, unampelekea hesabu kila siku, muda ukiisha inakuwa yako. Ukishindwa njiani anaichukua, na ulichokwishalipa kinabaki kuwa historia. Yeye alipangiwa elfu kumi kwa siku, Ijumaa anapumzika, miezi kumi na nne. Pigeni hesabu. Siku 26 kwa mwezi mara 14, ni milioni tatu na laki sita na elfu arobaini kwa pikipiki ambayo dukani ukiwa na pesa mkononi unaipata kwa chini ya hapo kabisa. Lakini ndiyo njia iliyopo kwa kijana asiye na hati ya nyumba ya kuweka benki, na simlaumu mtu kwa kuichukua.

Bosi akampa kuchagua kati ya mbili. Moja pikipiki ya kawaida ya cc 125, ile sura mnayoijua, kiti kirefu, karia nyuma, taa ya mraba. Nyingine ya cc 200 ya kimichezo, sitaitaja jina, tangi limevimba kifuani, kiti cha abiria kimebinuka juu kama mkia wa nge. Kipindi hicho kulikuwa na msanii mwingine, naye jina kapuni, kila video yake yuko juu ya pikipiki ya sura ile. Dogo akaniuliza. Nikamwambia chukua 125. Akanitazama kwa huruma kama mtu anayeongea na mzee. Akachukua nge.

Wiki ya kwanza mji mzima unamwita. Wiki ya pili akaanza kugundua mambo ambayo kwenye video hayapo. Abiria wa Kilwa ni nani? Ni mama aliyejifunga khanga anakwenda kliniki. Ni bibi wa Kivinje anarudi msibani. Anapandaje kile kiti? Kuna bibi mmoja alikitazama, akakishika, akasema, "Mjukuu wangu, mimi sipandi mti," akaenda kwa kijana wa pembeni mwenye Boxer. Watu wakacheka mpaka leo wanacheka. Mzigo nao wapi? Msimu wa ufuta kuna pesa ya kubeba viroba kutoka shamba, msimu wa korosho vilevile. Nge haina karia. Akachomelesha karia kwa fundi wa vyuma, mkia ukaanza kupasuka.

Kisha spea. Kifaa cha umeme wa plagi kikaungua. Masoko hakuna, Nangurukuru hakuna, Lindi hakuna. Kariakoo wakatafuta siku kadhaa, kikaletwa kwa basi, kumbe sicho, kikarudishwa, kikaja kingine. Siku kumi na moja. Hesabu haikusimama hata siku moja, mkataba haujui kuungua. Baadaye ikafuata klachi, siku saba. Kisha cheni na gia yake ya nyuma, meno yake si ya kawaida, siku sita. Jumla siku ishirini na nne pikipiki imelala sebuleni kwa mjomba, imefunikwa shuka kama maiti, na shangazi anapita pembeni yake kwenda jikoni kila asubuhi bila kusema neno.

Mwezi wa tisa bosi akaja kuichukua. Dogo alikuwa ameshalipa siku 210. Milioni mbili na laki moja. Hakurudishiwa hata mia. Bosi hakuvunja sheria yoyote, karatasi ilikuwa na sahihi ya dogo na ya mjumbe. Alisaini mwenyewe, hakulazimishwa, najua mtakimbilia kuniandikia hivyo hapo chini. Sawa. Ila aliichagua ile pikipiki kwa macho ya nani?

Yule msanii wa video hana hata habari. Tena nasikia ile pikipiki aliyokuwa anaiendesha kwenye video ilikuwa ya kuazima.

Ndiyo maana naliona swali la staa wetu si dogo. Yeye akikosea kuchagua, ataiuza, atanunua nyingine, atapata na posti mbili za ziada hapo. Kijana wa Mchinga akikosea kuchagua, ni mwaka wake umekwenda. Na anachaguliwa na watu kama yeye, kwa picha, bila mtu kumwambia gharama ya klachi.

Na si mastaa peke yao jamani, tusiwaonee. Kuna waheshimiwa wanaokuja msimu wa kura na pikipiki za kugawa kwa vikundi vya vijana. Zimepangwa mstari, zina utepe, zinang'aa. Umewahi kusikia kabla ya kuzinunua walikwenda kijiweni kuuliza, "Vijana, mnataka ipi?" Nimeona kwa macho yangu kikundi kimoja huku kusini kimepewa pikipiki ambazo spea zake hakuna duka linauza. Mwaka haukuisha, tatu zilikuwa zinaliwa ili ya nne itembee. Ile ya nne ndiyo ilitokea kwenye picha ya mafanikio.

Turudi kwenye kuchagua, maana kuna wadogo zangu wanasoma hapa na mkataba uko mezani.

Pikipiki unaanza kuichagua kwa fundi, dukani unakwenda mwisho. Nenda kijiweni kwako, mtafute fundi ambaye mikono yake haitakati hata Idd, mwangalie kabati lake lina nini. Kama limejaa cheni, klachi pleti, bush na taa za Boxer na TVS, basi jibu unalo, hata kama moyo unataka nge. Huku kwetu hizo mbili ndizo zinazotawala vijiwe kwa sababu hiyohiyo: ikiharibika saa nne asubuhi, saa sita uko barabarani. Injini zake za kabureta fundi anazifungua kwa spana tatu. Hiyo ya staa haina kabureta, ina kompyuta. Kompyuta ikigoma Njinjo, utaipigia simu Italia?

Kisha angalia unabeba nini na unakwenda wapi. Kama wewe ni wa Masoko mjini, sokoni, bandarini, stendi, hospitali, mwisho Kivinje, ile ndogo ya cc 100 inakutosha na inakunywa kwa adabu. Na unywaji si mchezo. EWURA wakitangaza bei ya mafuta ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi wa wilayani tunatangaziwa yetu na ya mwisho kabisa ukiwa kijijini ni ile ya kwenye chupa, haina tangazo. Kama ruti yako ni Kipatimu au unabeba viroba viwili vya ufuta na mwenye ufuta juu yake, hapo chukua 150. Boxer ya 150 ina cc 144.8 na farasi 12 hivi. Kumi na mbili tu! Mwenzetu anakuja na sitini kupiga picha, hawa wanahamisha mavuno ya wilaya kwa kumi na mbili.

Ya 125 ni ya katikati, mimi ndiyo naipenda kwa mtu anayeanza na hajui bado atapata wateja gani. Wataalamu wa kijiwe watabishana. Wabishane.

Na chumvi msiisahau. Pwani hii hewa peke yake inakula chuma. Pikipiki ikilala nje miezi michache pale karibu na maji Masoko, spoku zinaanza kupiga wekundu, cheni inalia, boliti ukiigusa inabaki na kichwa mkononi. Kijana mwenye akili anaiosha kwa maji baridi kila jioni na kupaka oili chafu chini. Zile rangi za Kitaliano, sijui. Ningependa kuziona baada ya kaskazi moja.

Halafu kuna hili ambalo nimelificha mpaka hapa kwa sababu halina utani.

Siku chache baada ya staa kuweka zile picha, akaweka video amepanda moja ya hizo pikipiki, ya majaribio. Yuko Dar, usiku, barabara nyeupe. Helmeti ameivaa kwenye kiwiko. Kwenye kiwiko, wadau! Pikipiki ya farasi 60, mtu ambaye kwa anavyoshika klachi anaonekana ndiyo anajifunza, na kichwa hakina kitu zaidi ya miwani. Wiki hiyohiyo hapa Nangurukuru nikaona vijana wawili wameng'oa saiti mira na madigadi ya mbele ya Boxer zao, wamekata na eksozi, taa ya mbele wameibadilisha na ya duara. Nikawauliza imekuwaje. "Tumeipiga Kitaliano, braza." Helmeti? Kwenye kiwiko.

Mmoja wa hao wawili hivi ninavyoandika yuko hospitalini na mguu umening'inizwa kwa kamba. Alikuwa anatoka Kivinje jioni na jua machoni, lori lilikuwa nyuma yake na yeye hakuliona, kwa sababu kile kioo cha kumwonyesha nyuma kilikuwa kwenye droo nyumbani kwao. Kichwa kimepona kwa rehema ya Mungu tu. Ana miaka ishirini na moja. Mama yake anauza pweza wa kukaanga jioni pale stendi, sasa hauzi, yuko wodini.

Simsingizii staa kwamba yeye ndiye aliyegonga. Lori lina dereva na kijana ana akili zake. Lakini ukijua watu laki kadhaa wanakutazama unavyovaa viatu, ukaamua kuvaa helmeti kwenye kiwiko, hicho umekichagua wewe, kama unavyochagua kati ya X-Cape na Seiemmezzo. Mbona hilo hukuweka kura watu wakuchagulie?

Najua kuna watakaosema nachafua jina la mtoto wa nyumbani. Mimi nampenda. Nyimbo zake mbili za mwanzo naziimba mpaka kesho. Ile Mei ya 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua ikakata barabara huku Somanga, magari yakakaa, watu wakalala njiani na watoto, yeye alituma pole kwenye ukurasa wake na nikamshukuru. Lakini nakumbuka pia nani walikuwa wanazunguka vijijini kupeleka unga, dawa na taarifa za wagonjwa wakati gari haliwezi kupita. Ni hawa hawa wa taa ya mraba. Hakuna aliyewapigia picha kwa sababu hawana sura ya picha, wamelowa, wamevaa mifuko ya plastiki miguuni.

Kwa hiyo kaka yetu, nakualika rasmi, na mashabiki wako washuhudie. Njoo Idd. Njoo na X-Cape, ya spoku, nimeshakushauri bure. Utaikuta timu pale Nangurukuru saa kumi na mbili asubuhi baada ya chai na vitumbua. Mtoto wa mjomba wangu atakuwepo, siku hizi ni deiwaka kwenye Boxer 125 ya mtu, anaanza upya kuhesabu. Tutakwenda Njia Nne kwa lami, hapo utatuacha mbali, hatubishi, farasi sitini si mchezo. Tutakukuta unatusubiri chini ya kivuli. Kisha tunaacha lami tunapanda Kipatimu pamoja, kila mtu na kiroba kimoja nyuma, na kurudi tunapakia machungwa.

Helmeti kichwani. Pampu na viraka njoo navyo, huku inchi 19 hatuna. Na ukianguka usiogope, tutakuinua. Elfu tano kwa kila mwinuaji, wako wanne, na wameniambia niwaambie bei haipungui kwa sababu ya ustaa.

Povu ruksa.